Sanduku la Mkono wa Kulia

Witness alipozima pikipiki Mpapura, Mwajuma alikuwa amemwandalia mapokezi: kuku kumi na mmoja juu ya gunia, miguu juu, wamekufa, wamepangwa vizuri kama wanaosubiri kupigwa picha.

"Haya dokta, wagonjwa wako hao. Wote uliwatia tone jichoni wiki tatu zilizopita."

"Mwajuma, ile chanjo ya mdondo ni nzuri..."

"Nzuri kwa nani? Mdondo ungewaua tu, hukuwa na haja ya kuanza kuwasumbua macho! Nikiwaambia wenzangu, kijiji hiki hupati hata kifaranga wa kumshika."

Witness alihisi masikio yanawaka. Ni afisa mifugo, mwaka wa nne huku kusini, na kwao ni Singida. Mtu wa Singida umwambie hajui kuku, bora umtukane mama yake. Tena mwenyewe hasira zake ziko karibu, hazihitaji kuitwa mara mbili.

Akaenda kwenye pikipiki kutafuta cha kunywa asije akasema neno baya. Kwenye sanduku la kushoto soda aliyoifunga kwenye kanga tangu mjini ilikuwa bado inatoa jasho la baridi. Akafungua la kulia, la dawa. Barafu haipo. Maji yaliyobaki ungeweza kuongeza majani ukanywa chai. Akagusa bati kwa chini, akarudisha mkono mbio. Ekzosi ilikuwa pale pale chini yake, imelichemsha sanduku njia nzima. Siku zote alikuwa akichomoa chupa harakaharaka, na kwa jua la huku, nani anashangaa barafu kuyeyuka?

"Zuberi!" akasema kwa sauti. "Leo atanitambua."

Masanduku yale aliyachagua kwa machungu. Mabegi ya ngozi yalikula vumbi mpaka likaingia kwenye chupa. Ya plastiki yalipasuka shimo la kwanza tu. Ndipo akaenda Mikindani kwa Zuberi, fundi wa kuchomelea, akatengenezewa ya bati: la chakula la kawaida, la dawa lina kufuli na sponji ndani.

Alipofika Mikindani, alimkuta Zuberi amekaa na miwani yake myeusi kichwani.

"Umenipikia dawa, wewe mwanaume! Kuku wa watu wamekufa! Sanduku la dawa unaliweka juu ya ekzosi, una akili?"

"Dada Witness, pole. Kwani nani alisema liwe kulia?"

"Nani?"

"Si wewe? Ulisimama hapo hapo. Ukasema, 'La dawa weka kulia, siwezi kumpa mtu dawa kwa mkono wa kushoto.' Nikasema huyu dada kalelewa."

Witness akakumbuka. Kweli alisema hivyo.

"Na ekzosi hukuiona?"

"Niliiona sana. Nikasema mtu kasoma, labda dawa yenyewe inataka joto."

Mtu mwingine angecheka. Witness aliupiga teke mlango wa bati uliokuwa umeegeshwa pale, vidole vikamuuma, hasira ikaongezeka, na safari hii hakuona wa kumpelekea.

"Kata," akasema. "Kufuli na sponji hamishia kushoto. Leo leo. Na usinicheke."

"Sicheki, dokta. Moshi huu."

Kesho yake akarudi Mpapura. Mwajuma alikuwa anamenya mihogo, hakusimama. Majirani wawili wakasogea, maana ugomvi haupiti bure.

Njia nzima Witness alikuwa amejipangia maneno marefu ya kitaalamu. Yakamtoka mafupi, tena kwa ukali kama anayegomba.

"Chanjo iliungua kwenye sanduku langu. Kosa langu mimi. Si kuku wako, si mdondo peke yake. Mimi."

Mwajuma akaweka kisu chini, akaenda mpaka kwenye pikipiki, akatumbukiza mkono kwenye sanduku la kushoto. Akautoa, akaupuliza.

"Hii barafu."

"Barafu."

"Ungeniletea tena habari ya dawa nzuri, ningekufukuza na mwiko." Akaingia ndani, akatoka na jogoo mmoja mwekundu anapiga kelele. "Huyu tu. Akimaliza miezi miwili yuko hai, nawaita wenzangu wote."

"Na kuku wako kumi na mmoja?"

"Kwa hao bado nimekukasirikia. Mtie tone, na ukae mbali na mdomo wake."

Witness akachukua chupa kwa mkono wa kushoto, jogoo akamdonoa wa kulia.