Vidonge vya Jioni

Famasi ya chuo iko ng'ambo ya lami pale Karatu, na mwaka mzima nilipita mbele yake nikienda kufua mashuka lodji, nikiamini ni ya wanafunzi tu. Baba yangu alipoambiwa hospitalini kwamba moyo wake umetanuka, nilizunguka maduka yote ya dawa mjini. Moja lilikuwa na dawa ya kupunguza maji mwilini lakini halikuwa na ya moyo. Kwenye lingine walinitajia bei nikacheka kwa hasira. Mlinzi wa chuo ndiye aliyenionea huruma.

"Dada, ingia tu. Hili dirisha ni la kila mtu."

Ndani nilimkuta mama wa makamo, mfamasia ambaye pia alikuwa mwalimu, amezungukwa na wanafunzi wenye makoti meupe. Dawa ilikuwepo, na bei yake hata mfua mashuka aliiweza. Akamfungulia baba kadi. Akaniagiza: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, asiache hata akijisikia nafuu. Mwisho akasogea karibu na dirisha.

"Na hizi ni zake peke yake. Asimgawie mtu."

"Sawa, mama," nikaitikia.

Siku hiyohiyo nilimpigia baba simu kule Malambo, nikamtafsiria maagizo yote kwa Kimaa, lugha yetu Wamaasai. Yote, isipokuwa hilo la mwisho.

Ningelisemaje? Baba alilelewa kwenye umorani, na morani hanywi maziwa peke yake, hata akiwa na njaa ya siku mbili. Lazima mwenzake wa rika awepo. Uzeeni hakuna anayemlazimisha mtu, lakini baba hakuwahi kuiacha tabia hiyo. Mwenzake aliyebaki karibu alikuwa mmoja tu, mzee wa boma la jirani waliyetahiriwa naye pamoja, na hata kikombe cha chai baba alikuwa anamsubiri. Kumwambia mzee kama huyo ale peke yake ni kumwita mchoyo, na binti hamwambii baba yake hivyo. Nikajifariji kwamba dawa si maziwa, kila mtu anajua. Nilijiona mstaarabu mwenye heshima. Nilikuwa mwoga tu.

Kila mwezi nilimkabidhi pakiti dereva wa gari la Malambo. Vidonge viliisha siku ileile vilipopaswa kuisha, na mfamasia aliiangalia kadi akaridhika. Ila miguu ya baba iliendelea kuvimba.

"Anameza zote?" aliniuliza.

"Anameza zote."

Akasema nimlete apimwe tena. Baba akasema tungoje ng'ombe warudi kutoka malisho ya mbali. Nikakubali haraka, maana nilikuwa na zamu na lodji ilikuwa imejaa wageni. Ng'ombe walirudi wakakuta tumeshamzika.

Siku chache baadaye yule mzee wa rika lake alikuja bomani kwetu. Nikainamisha kichwa kumwamkia, akakigusa, akaketi huku akihema kama aliyepanda mlima. Kisha akanipa kopo lake la ugoro. Ndani hapakuwa na ugoro. Palikuwa na vidonge vya baba.

"Vya asubuhi vilikuwa vyake, vya jioni vyangu," alisema. "Kifua changu nacho kilikuwa kibaya, akakataa kumeza peke yake. Tangu aondoke sijavigusa. Nitameza na nani?"

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya zizi, nikalia mpaka nikakosa sauti. Hakuna aliyenifuata. Walidhani nalia msiba kama wengine.

Wiki iliyofuata nilimpeleka yule mzee Karatu. Hospitalini wakamkuta moyo wake nao umechoka, wakamwandikia dawa. Kwenye dirisha la chuo mfamasia alimfungulia kadi yake mwenyewe, papo hapo, bila swali lolote. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kadi mbili, wazee wawili, na dawa ilikuwa ipo muda wote. Nilitamani anigombeze, lakini alinipa pole tu, akaanza maagizo yale yale. Nami nikayatafsiri moja baada ya jingine mpaka nikafika lile la mwisho. Safari hii nililisema, tena kwa sauti: hizi ni zako peke yako, usimgawie mtu.

Mzee akauliza, kwa Kimaa, taratibu, "Na baba yako ulimwambia hivyo?"

"Anasemaje?" mfamasia akaniuliza.

Wanafunzi walikuwa wananiangalia. Mzee alikuwa ananiangalia.

"Anauliza kama azimeze kabla ya kula au baada."

"Baada ya kula," akajibu, akaandika kwenye pakiti.