Pumzi ya Dada Katikati ya Sentensi

Dada yangu alikufa kwa maradhi ya kifua, akaniachia wanafunzi wake wa Kijapani na kaseti moja. Yeye ndiye aliyekwenda kusoma Japani. Mimi nilifundishwa na yeye, sebuleni kwetu Namuwongo, kwa makelele na kununiana. Baada ya matanga sikutaka kumfundisha mtu chochote. Lakini wanafunzi walikuja tu, wakavua viatu mlangoni, wakakaa. Ningewafukuza vipi?

Taabu yetu Waswahili katika Kijapani ni kwamba tumezoea kulikandamiza kila neno karibu na mwisho, tena kwa nguvu, kama tunasukuma kabati. Kijapani hakitaki nguvu. Sauti inapanda, inashuka, basi, na ukiishusha pasipo pake msikilizaji anakunja uso. Waganda, wenyeji wa hapa, huikamata upesi, maana lugha yao nayo hupanda na kushuka. Sisi wengine, jasho tupu. Dawa ya dada ilikuwa hii: sikiliza kaseti, funga mdomo, kisha iimbe sentensi nzima puani bila maneno, mkono ukipanda na kushuka hewani. Maneno yatakuja baadaye. “Igeni kila kitu,” alikuwa akiwaambia, nami nikawa nawaambia vivyo hivyo.

Nao wakaiga kila kitu, wallahi. Kaseti ile aliirekodi akiwa ameshaanza kuumwa, na sentensi ndefu zilimshinda. Katikati sauti ilimwanguka, akavuta pumzi kidogo, akapanda tena na kumaliza.

Aliyeiga kuliko wote alikuwa msichana Mkongo, muuza vitenge. Vita vilimtoa kwao na hakuwa na pa kurudi. Nafasi ya masomo Japani ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo. Dada hakumjua hata kwa sura. Lakini msichana alipofunga mdomo na kuimba puani, nywele zilinisisimka. Lile lilikuwa anguko la dada, na ile ilikuwa pumzi ya dada, mle mle sebuleni. Baadaye redio ikaitafuna kaseti, ikawa haifai tena. Wanafunzi wengine waliiga nusunusu. Sauti ikabaki kwa yule msichana.

Mama hajui Kijapani hata neno moja. Tangu msiba alikuwa haikaribii sebule, lakini msichana alipoanza kuja, akawa anatandika mkeka nyuma ya pazia na kusikiliza.

“Mama, unafanya nini hapo?”

“Niache na mwanangu.”

“Mama, yule ni Mkongo!”

“Kwani mimi kipofu? Nimekwambia niache.”

Nikamwacha. Nami, nisiseme uongo, nilikuwa nikimpa msichana sentensi ndefu makusudi.

Siku ya usaili wa nafasi ile ya masomo, msichana alirudi analia. Wajapani waliomhoji walikuwa watu wa adabu mno. Walimsikiliza kidogo, wakamletea maji, wakamuuliza anaumwa nini. Kisha wakamwambia kwa upole aende akapumzike, arudi akipona.

“Mwalimu, miye si mgonjwa,” aliniambia kwa Kiswahili cha kwao. “Mulisema nifwate byote.”

“Nilisema, nilisema! Ebo! Na nikisema ujitupe ziwani?”

Nilimfokea, bambi, maskini wa watu, na hasira zenyewe hazikuwa zake. Nilijua la kufanya. Ilibidi niing'oe ile pumzi, la sivyo angeuza vitenge maisha yake yote. Jioni nilimweleza mama. Aliendelea kuchambua mchele. “Hiyo ni kazi yako,” akasema, bila kuinua macho.

Tukaanza upya, kwa sauti yangu mimi, isiyo na utamu wowote. Tuliirudia sentensi moja: kesho asubuhi nitapanda treni kwenda kumtembelea mama yangu. Kila alipofika katikati sauti ilimwanguka, akavuta pumzi.

“Hapana. Tena.”

Kila nikisema hapana, niliona namfungia mtu mlango, na mtu huyo namjua. Usiku niliota dada amesimama nje, ananitazama tu.

Msichana alifaulu baadaye, na yuko huko Japani mpaka leo. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile alipoipata. Alifunga mdomo, akainua mkono, na sauti ikapanda, ikatambaa juu bila kukatika, ikashuka mwishoni taratibu. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye afya, tena yake mwenyewe. Nikapiga makofi, machozi yananitoka.

Pazia likafunguka. Mama alikuwa amesimama, mkeka ameshaukunja.

“Mama, umesikia? Ameipata!”

“Nimesikia.” Akamshika msichana shavu. “Hongera, mwanangu. Utapita, inshallah.”

Kisha akanigeukia mimi, akashusha sauti mgeni asisikie.

“Sasa ndiyo tumemzika.”