Mdogo Wangu Anakua, na Jirani Yetu Anazidi Kulaumiwa

Nyamira, Jumapili, Agosti 1975

Wasomaji wapendwa,

Nimeahidi kusema yote, hata yale yanayonifanya niinamishe uso. Majina niliyotumia si ya kweli, na langu nimeomba lisichapishwe. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili. Nyumbani tunalima chai na ndizi, na Jumamosi tunakwenda kanisani. Nina mdogo wangu wa miaka kumi, nimwite Moraa.

Miaka miwili iliyopita Moraa aliacha kukua. Watoto wa rika lake walimpita kwa kichwa kizima. Alisinzia darasani, alivaa sweta hata jua likiwaka, na tukienda mtoni alikuwa wa mwisho kurudi. Nilimwita mvivu. Nilimfinya. Nilimwambia, "Hata kobe angekuwa ameshafika, akaoga, akarudi." Sikujua kwamba ni mgonjwa.

Aliyegundua kwanza ni jirani yetu, mjane, nimwite Mama Nyaboke. Siku moja tukichuma chai alimshika Moraa shingoni, kisha akaniita. "Mwanangu, hebu gusa hapa. Mbona shingo ya mtoto huyu imejaa? Mwambie mama yako ampeleke hospitali."

Sikumwambia mama. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtunza Moraa, na niliogopa kuulizwa nimemfanya nini.

Baadaye uvimbe ulionekana na kila mtu. Nyanya yetu, ambaye tunamwita Magokoro, alisema ni ebibiriri, yaani jicho la mtu ambaye akimtazama mtoto humwachia kitu mwilini. Alikuwa akimsugua Moraa shingo kwa samli aliponiuliza, "Nani amemtazama huyu? Sema, wewe ndiwe unayeshinda naye."

Moraa alinikodolea macho. Nilihofu atataja jinsi ninavyomfinya. Nikajibu haraka, "Mama Nyaboke. Alimshika hapo hapo, akasema imejaa." Kila neno lilikuwa kweli, na bado nilijua ninachofanya. Tangu siku hiyo Mama Nyaboke alikatazwa kuingia kwetu.

Samli haikusaidia kitu, ndipo baba akaamua mtoto apelekwe hospitali. Daktari alikuwa mgeni, na mama hajui Kiingereza, kwa hiyo mimi nilikuwa mkalimani. Damu ilipopimwa, alieleza kwamba mwili wa Moraa unaishambulia tezi yake wenyewe, tezi ya shingoni ambayo humfanya mtoto akue na kuchangamka. Hakuna mtu aliyemletea. Atameza kidonge kila asubuhi kabla ya uji, na damu itapimwa tena na tena anavyokua, kwa sababu dawa inayomtosha leo haitamtosha mwakani. Yote hayo nilimfasiria mama. Alisikiliza, kisha akasema, "Daktari anajua damu. Watu wa kwetu hawajui."

Daktari akaniuliza ni nani aliyeuona uvimbe kwanza. Nikasema, jirani. "Basi mshukuruni," akasema. "Kama angesikilizwa mapema, mtoto asingepoteza urefu huu wote."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikajibu, "Anasema tusikose kurudi."

Kidonge nampa mimi mwenyewe kila siku, na sijakosa. Moraa ameamka! Sketi yake ya shule imeshakunjuliwa pindo, na akinipita mbio njiani hunipigia kelele, "Kobe, tukutane nyumbani!" Nacheka, kisha nakumbuka. Kwa maana kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai wanawake husema, "Mmeona? Tangu yule afungiwe lango, mtoto anarefuka kama mgomba!" Zamani wao wenyewe walimwachia Mama Nyaboke watoto wao wachanga wakienda kuchuma. Sasa akipita huwafunika kwa leso. Kadiri dawa inavyofanya kazi, ndivyo wanavyopata ushahidi dhidi yake.

Wala hawajui kwamba kuna dawa. Mama aliniapisha. "Ukilitoa neno hili nje ya boma, umemharibia mdogo wako maisha. Nani atakuja kuoa msichana wa kumeza vidonge mpaka kaburini?" Nilimuuliza Moraa kwa siri kama angekasirika watu wakijua. Alisema, "Mimi ndiye ninayekimeza, si wao." Lakini ni mtoto bado, na mama anamwogopea miaka ambayo yeye haioni.

Alhamisi iliyopita Mama Nyaboke aliniita kutoka upande wa pili wa ua. Mwisho wa mwezi huu anahamia Nyansiongo kwa mwanawe. "Hapa sina mtu tena wa kunisalimu," alisema. Kisha akauliza, "Mdogo wako anakua?"

"Anakua, Mama."

"Mungu ni mwema. Siku moja umpitishe hapa barabarani nimwone. Kwa mbali tu, sitamgusa."



Nataka kumfungulia moyo, na nataka wanawake wale wasikie. Lakini nikisema, nimevunja kiapo na nimeitoa siri ya mdogo wangu. Nikinyamaza, mama wa watu ataondoka na lawama niliyomtwika mimi. Naamini kuna njia, ila siioni. Wasomaji wenye watoto, na ninyi mliowahi kusingiziwa, nijibuni katika toleo lijalo, kabla hajaondoka: nianze kwa mama yangu, au nivuke ua niende kwake kwanza?