Dakika Moja ya Kuulizia Daraja

Nilikwenda Kasulu kwa sababu ya daraja. Kitongoji chetu huku Murungu kimetenganishwa na shule kwa kijito, na magogo tunayoyalaza pale husombwa kila masika. Maji yakijaa, watoto hubaki nyumbani. Nilifundisha shule hiyo mpaka nikastaafu, na kuandika "hayupo" kwenye daftari la mahudhurio kulinichosha kuliko vumbi la chaki. Redio ilipotangaza kwamba vyama vya siasa vitafanya mdahalo katika chuo kikuu kimoja Kasulu, viongozi wa mkoa watakuwepo na wananchi wote wanakaribishwa kuuliza maswali, kitongoji kilinituma mimi.

"Wewe Mwalimu unajua kusema na wakubwa," alisema jirani yangu Bibi Nyamwiza, ambaye mjukuu wake aliwahi kuopolewa kwenye maji yale. "Utusalimie, kisha uwaulize daraja ni lini."

Alfajiri nilipanda pikipiki mpaka Kibondo mjini, nikafika na matope hadi magotini. Pale stendi basi lilikuwa "linaondoka sasa hivi" kwa muda wa saa mbili nzima. Mgongo uliniuma kabla hata safari haijaanza.

Makere tulisimama, dereva akashuka kunywa chai. Nikalirudia swali langu moyoni: Daraja la Murungu litajengwa lini? Maneno matano tu. Nikajipongeza kwa ufupi wake.

Saa saba mchana niliingia Kasulu, nikatembea kwa miguu hadi kwenye geti la chuo.

"Kitambulisho cha chuo," akasema mlinzi.

"Sina. Redio imesema wananchi wote."

"Redio haikai getini, mama."

Mwenye duka mmoja wa sokoni, aliyekuja na kanzu yake safi, alikuwa amesubiri tangu asubuhi. Alicheka bila furaha, akasema yeye anarudi kuuza sukari. Mimi sikuwa na duka la kurudia. Nikaketi juu ya jiwe, na hasira ilipopungua nikakumbuka kwamba kwa uchovu wangu sikuwa nimemsalimia yule mlinzi. Niliona aibu. Nikainuka, nikapiga makofi taratibu kama tufanyavyo Waha tukisalimiana, nikainama kidogo, nikamwamkia kwa Kiha.

"Mwidiwe?"

Alivua kofia, akaitikia. Nikauliza habari za mke, za watoto, za wazazi, za maharage shambani. Alijibu moja baada ya nyingine, naye akaniuliza zangu zote. Kumbe naye ni wa kwetu, mtu wa kijiji cha Kitanga.

"Pita, mama. Ukae nyuma huko."

Ukumbini viongozi walirushiana maneno na wanafunzi wakashangilia. Nilinyoosha mkono hadi bega likafa ganzi. Hatimaye kijana aliyeongoza mdahalo akaniletea kipaza sauti.

"Karibu mama. Una dakika moja."

Kosa la getini sikutaka kulirudia. Nikawasalimu wakubwa wa meza kuu, chama baada ya chama. Nikawasalimu walimu wa chuo, kisha wanafunzi. Nikafikisha salamu za Murungu, za wazee, za akina mama na za watoto. Nikaomba radhi kwa kusimama mbele ya wakubwa. Viongozi walitabasamu, wakaitikia vizuri kabisa. Nikavuta pumzi niseme "daraja", kengele ikalia.

"Ahsante sana mama yetu, muda umeisha."

Kipaza sauti kikaenda kwa mwingine. Watu walinipigia makofi mengi. Niliketi, na sitaficha, nililia.

Kesho yake nilirudi nyumbani. Njia ilikuwa ileile, ila mimi nilikuwa mzito zaidi. Jioni nikafika kijitoni, nikawakuta watu wa kitongoji wananisubiri ng'ambo. Nikavuka juu ya magogo nikiwa nimeshikwa mkono.

"Wamesemaje?" akauliza Bibi Nyamwiza.

"Salamu zenu wameziitikia."

"Zote?"

"Zote."

"Na daraja?"

"Dakika iliisha nikiwa bado nasalimia."

Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yeyote kati yao angefanya vilevile. Bibi Nyamwiza aliyageukia maji.

"Basi safari ijayo," akasema, "tutume mtu asiye na adabu."

Nikawaomba wanitume mimi tena. Nitajifunza.