Upande wa Kushoto

Harufu ya breki zilizopata moto hunikata maini hata leo. Nichekeni tu: mwanamke mzima, nikiisikia ndani ya teksi, nashuka na kumalizia njia kwa miguu.

Baba yangu alikuwa dereva wa mashindano, mtaa wetu wote wa Dilala ulimjua. Alianza na pikipiki, akizunguka uwanja wa mpira huku akina mama wakikimbia kuanua nguo kwa sababu ya vumbi. Kisha vigari vidogo vya mzunguko kule Lubumbashi, ambako alipata kikombe tulichokuja kuwekea chumvi. Mwishowe rali. Lakini kazi iliyotulisha ilikuwa kuendesha lori la mawe ndani ya shimo la shaba. Shimoni magari yalipita kushoto. Huku nje sote tulipita kulia. Baba alitamba kwamba mikono yake ina akili mbili, nasi tukacheka. Mama hakucheka. Mazoea yana taabu, alisema.

Wiki moja kabla ya rali ya kwenda Fungurume, baba alinichukua mazoezini. Nilikuwa na miaka tisa. Tukirudi, amechoka, lori la mbele likatufunika kwa vumbi. Tulipotoka vumbini tulikuwa kushoto, na baba anapiga mluzi, ametulia kabisa kama mtu aliye kazini. Taa za basi zilikuwa zinatujia. Nilikishika kiti kwa mikono miwili. Aliukata usukani, tukaishia majanini, breki zikinuka. Aliitoa mikono kwenye usukani, akaikalia.

"Usiambie mama yako," alisema.

Mi nilijiona mkubwa. Siri ya baba, jamani, nipewe mimi!

Wiki ile nyumba haikuwa na raha. Mama aliunguza bukari, ugali wetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jumamosi alinisuka nywele, akinivuta kuliko kawaida. Baba alikaa mlangoni akifuta kofia yake ya mashindano, ametupa mgongo.

"Kapinga," Mama aliuliza polepole, "ile siku mulienda na baba yako, uliogopa?"

Nilimtazama baba. Alikuwa ameacha kufuta.

"Hapana, mama. Baba anaendeshaka muzuri."

Habari ilitufikia kesho yake kabla ya chakula cha mchana. Ajali haikuwa katika mbio zenyewe. Ilikuwa kwenye barabara ya kawaida, madereva wakihama kutoka kipande kimoja cha mbio kwenda kingine, mahali wanapopita watu wote. Dereva wa lori la makaa alikuwa upande wake wa haki. Baba ndiye aliyekuwa kushoto.

Nilipokaribia kuolewa, Mama alinisimulia, kwa kunifariji, jinsi baba alivyoliheshimu neno langu. Mama mwenyewe alikuwa amemkatalia kwenda kwenye rali. Baba akamjibu: uliza mutoto, akisema aliogopa, nitabaki.

Siku ile, alipoacha kufuta kofia, nilidhani anaomba ninyamaze. Sasa nafikiri aliogopa mikono yake mwenyewe, akaona haya kulisema, akaniachia mimi niliseme. Nilimlinda baba yangu mpaka nikamzika.

Mama yu hai. Bado sijamwambia.