Ngozi ya mbuzi iliyonifunga mdomo

Mhariri, usiandike hata herufi ya kwanza ya jina langu. Kijijini kwetu Mumosho ni padogo, na watu wa huku wanajua kukisia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwalimu, nimeolewa na nina watoto wanne. Mficha uchi hazai, ndiyo maana nimetembea mpaka posta ya mjini, Ibanda, kuwatumia barua hii.

Sisi wanawake tuna chama cha mbuzi. Unapewa jike mmoja. Akizaa, mtoto wa kwanza unampa mwenzako anayefuata kwenye orodha. Mwanzoni watu walitucheka, wakisema vyama vyote ni vya wakubwa kujilia. Basi mimi, karani wa chama, nikapendekeza sheria mbili, zikapitishwa kwa makofi. Mbuzi akifa, lete ngozi yake mbele ya wote. Na anayemsingizia mwenzake aombe radhi mbele ya wote, au atoke kwenye orodha. Nilijiona mwerevu sana. Hata waume waliokuwa wakitukebehi wakaanza kuuliza zamu ya wake zao itafika lini.

Mama mkwe wangu alipata jike. Aliyemfuata ni mjane mmoja, nimwite Maman Nzigire, ambaye alishajenga kibanda cha mbuzi kabla hajampata. Jike akashika mimba. Kisha ikafika siku ya watu wa kuja kumposa wifi yangu, watu wa kuvaa suti safi za abacost, na nyumbani hakukuwa na kitu. Mama mkwe akaniita jikoni.

"Bageni beko mu njia. Nitabapa nini, majani ya sombe ya bure? Hii mbuzi ichinjwe, na wewe funga kinywa."

Shemeji alichinja. Alipompasua tulikuta wana wawili tumboni. Mmoja alikuwa wa Maman Nzigire. Niliosha utumbo, nikapika, nikala. Ndiyo, nilikula, tena nikalamba vidole.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alileta ngozi mbele ya wote, akalia machozi ya kweli. Mimi nikaandika kwenye daftari: amekufa kwa ugonjwa. Maman Nzigire akasimama.

"Hapana. Ile mbuzi haikukufa, ilikuliwa. Nilionaka moshi, nilisikiaka harufu."

Wakamzomea. Wakasema anamvunjia heshima mama wa watu. Mwenyekiti akasoma sheria, ile yangu ya pili: aombe radhi kwa barua, isomwe mkutanoni, au jina lake lifutwe. Nikauandika uamuzi huo kwenye daftari, neno kwa neno. Nilijichukia.

Tangu siku hiyo ngozi tatu zingine zimeletwa. Mbuzi wa Mumosho wamekuwa wagonjwa ghafla! Hakuna anayeuliza, maana wameona yaliyompata aliyeuliza. Nje, wale waliotucheka wameanza kucheka tena. Chama kinakufa, na kinanifia mikononi.

Nilimwambia mume wangu kwamba nataka kusema ukweli.

"Sema," akanijibu. "Lakini ukipaka mama yangu matope, usirudie tena hapa. Utaenda kwenu, batoto banabakia."

Namjua mume wangu, hatanii.

Juzi Maman Nzigire alikuja kwangu. Hajui kusoma wala kuandika, na karani ni mimi. Niliogopa, nikadhani amekuja kunitukana mbele ya watoto. Akaketi, akaweka karatasi tupu mezani.

"Mwalimu, uniandikie ile barua ya kuomba musamaha. Mie nitaweka kidole."

Nikamwuliza niandike nini. Akanisogezea karatasi.

"Andika ile yenye wewe unajua."

Akachovya kidole kwenye wino wangu, akakibandika chini ya karatasi, akaaga vizuri tu na kwenda zake.

Karatasi bado ninayo. Wino wa kidole umekauka, juu yake ni peupe. Mkutano ni Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya misa, na mimi ndiye nitakayesimama kuisoma. Nikiandika uongo, mjane atabaki na kibanda kitupu na jina la mwongo, mimi nitabaki na watoto wangu. Nikiandika ukweli, ninyi wenyewe mmesikia nitakachopoteza. Akina mama na akina baba mnaosoma ukurasa huu, msinionee haya, nishaurini: niandike nini juu ya kile kidole?