Walioniuliza Stendi

Nilihamia Eldoret kutoka Arusha kufundisha Kiswahili, na siku ya kwanza nilitaka kuingia shuleni kwa baiskeli kama mwenyeji. Njiani, mama wa mahindi ya kuchoma akapaza sauti: "Stendi!"

Kwetu stendi ni kituo cha mabasi. Moyo ukanichanua: mgeni wa juzi, tayari naulizwa njia! Nikanyoosha mkono, nikamwelekeza mjini.

"Stendi, boss!" akaita mtu wa boda. Nikamwelekeza pia, nikiuhurumia mji uliopotea hivyo.

Langoni nilipokata kona, chuma kikakwaruza lami, nikaanguka mbele ya wanafunzi. Mwalimu mkuu akaiinua baiskeli, akaukunja mguu wa kuegeshea niliousahau chini.

"Pole, mwalimu. Sisi hii tunaiita stendi. Kwa Kiswahili chenu ni nini?"